Mzee wa Kanda Anajibu: Filamu Yangu Imekwenda Wapi?

Wiki ya kwanza ya mwezi huwa ni wiki ya malalamiko. Simu inalia mfululizo mpaka mjukuu wangu, ambaye ndiye karani wangu siku hizi, anaigeuza kifudifudi mezani. Safari hii barua kumi na moja kati ya kumi na nne zinauliza neno moja kwa sauti tofauti: nilikuwa naitizama, sasa haipo, imekwenda wapi? Nimeona ukurasa wote niuache kwa hilo. Kwa wageni wa safu hii, mimi nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video Majengo, Mombasa, tangu 1986 mpaka 2005. Kanda zimekufa, jina limebaki.

Shikamoo Mzee wa Kanda. Usiku watoto wakishalala ndiyo saa yangu. Nilikuwa natizama tamthilia moja ya Kituruki, nimefika msimu wa tatu, nimebakisha sehemu sita tu nijue kama yule bwana atamrudia mkewe. Jumatatu nikafungua, naitafuta, haipo! Nikadhani ni simu. Nikazima nikawasha. Mume wangu akasema labda sijalipa, na nimelipa tarehe 28. Nikawaandikia wenye huduma, wakanijibu kwa Kiingereza ati haipatikani eneo langu. Pesa wamechukua, tamthilia wameondoa. Huu si wizi? – Mama wa Watatu, Kisauni

Marahaba mwanangu, na pole sana. Sehemu sita! Lau wangekukatia mwanzoni ingekuwa nafuu.

Si wizi, ingawa harufu unayoisikia naielewa. Wewe ni mtu wa Mombasa, huhitaji kuelezwa habari ya nyumba bila ardhi, kama zile za kwetu Majengo. Mtu amejenga nyumba yake, kuta zake, mabati yake, lakini kiwanja ni cha mwingine na anakilipia kodi. Kisha yeye naye anapangisha vyumba. Mpangaji anamjua mwenye nyumba tu. Siku mwenye kiwanja akitaka chake, mpangaji ndiye anayeshangaa godoro lake liko nje. Basi hiyo huduma yako ni mwenye nyumba. Programu kwenye simu ni yake, malipo anapokea yeye, na zile picha unazozisogeza kwa kidole amezipanga yeye. Lakini tamthilia ni kiwanja cha mtu. Mwenyewe yuko Uturuki, ameikodisha kwa muda maalumu, na mkataba una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mikataba mingi huanza mwanzo wa mwezi, kwa hivyo huisha mwisho wa mwezi. Unalala tarehe 30 duka limejaa, unaamka tarehe 1 rafu zina mapengo.

Utaniuliza, mbona hawakuongeza muda? Mara nyingine watizamaji ni wachache na bei haifai. Mara nyingine mwenye mali amepandisha. Na mara nyingine anaitaka mwenyewe, na hapo hakuna bei inayotosha. Kule Marekani, Netflix iliripotiwa kulipa karibu dola milioni 100 kubaki na tamthilia ya vichekesho ya Friends kwa mwaka mmoja tu wa 2019, na ilipoingia 2020 wenyewe wakaichukua wakaipeleka HBO Max, duka lao jipya. Tamthilia ya The Office ikafuata. Kampuni ya NBCUniversal ilitoa dola milioni 500 kwa miaka 5, ikahama kuanzia Januari 2021. Na hao NBCUniversal ni ukoo ule ule ulioitengeneza! Mtu anatoa pesa mfuko wa kulia kuutilia wa kushoto, bora jirani asipate. Kabla ya hizo kulikuwa na kituo cha televisheni cha Starz, waliowakodisha Netflix filamu zao tangu 2008. Mkataba ulipokwisha mwishoni mwa Februari 2012 hawakuufanya upya, na zikaondoka nyingi kwa mkupuo. Kwa hivyo si wewe wa kwanza kuzima simu na kuiwasha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Netflix hawa hawa walianza 1998 wakipeleka diski za DVD kwa posta, na wakati huo hakuna aliyeweza kuwaambia warudishe. Sheria ya Marekani inamwacha aliyenunua diski halali aikodishe bila kumwomba mtengenezaji ruhusa. Diski ni mali yako kama kiti. Walipoanza kuonyesha kupitia intaneti mwaka 2007, kiti hakipo tena. Kila filamu lazima iombewe ruhusa, na ruhusa ina siku zake. Ile kazi ya diski waliifunga Septemba 2023. Kwetu sisi wa makamo ya kanda ilikuwa kama kusikia tanzia.

Sasa nikwambie la kwangu, usije ukadhani nawatetea. Mimi pia nilikuwa naondoa kanda kila mwezi. Nilikuwa na mwenzangu mwenye duka kama langu Malindi. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi natia kanda arobaini kwenye boksi la maziwa, nalifunga kamba ya katani, nalipeleka kwenye basi. Jumamosi linakuja la kwake. Wateja wangu wanapata vitu vipya, wake vilevile, na hakuna aliyetoa pesa. Mambo mazuri kabisa, mpaka siku ile alipoingia fundi cherehani mmoja wa Bondeni, mkasi bado mkononi, vipande vya uzi vimemganda kwenye kanga. Filamu yake ya Kihindi ilikuwa ndefu, haikuenea kanda moja. Kanda ya kwanza amemaliza usiku, mapacha wamepotezana kwenye maonyesho, mama amekuwa kipofu. Kanda ya pili iko Malindi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti changu, akanambia, "Nitakungoja." Jumamosi nikapanda basi mwenyewe, kilomita mia na ushei kwenda na kama hizo kurudi, kwa ajili ya kanda moja.

Tangu wiki ile nikawa nabandika karatasi mlangoni, herufi kubwa za wino mwekundu: ZINAZOONDOKA ALHAMISI. Watu wakawa wanakuja Jumanne na Jumatano mbio mbio, na biashara ikawa bora kuliko zamani. Hapo ndipo ninapogombana na hawa mabwana wa mitandaoni. Kuondoa ni haki yao, mkataba ni mkataba. Lakini karatasi wameibandika wapi? Netflix huandika siku ya mwisho ya kutizama, ila wanaiandika kwenye maelezo ya filamu yenyewe, karibu mwezi mmoja kabla. Ukiwa unabonyeza tu kuendelea pale ulipoachia, kama ufanyavyo wewe na usingizi machoni, hutapita hapo abadani. Huduma nyingine hazisemi hata hivyo.

Kwa hivyo fanya hivi. Tamthilia ndefu usiianze kabla hujafungua ukurasa wake na kusoma mpaka chini. Na hizo sehemu sita zako zitafute kwenye YouTube, kwenye chaneli ya walioitengeneza. Waturuki wengi huweka tamthilia zao huko wenyewe, bure, na nyingine zina maandishi ya tafsiri chini. Andika jina lake la Kituruki, sio lile la Kiingereza, utaipata haraka zaidi. Kama yule bwana atamrudia mkewe, mjukuu wangu anasema anajua, lakini nimemkataza kuandika.

Mzee, shikamoo. Binamu yangu yuko Toronto, tunalipia huduma ile ile, lakini yeye ana filamu nisizoziona mimi hapa Bamburi. Halafu nikisoma mtandaoni orodha ya zinazoondoka mwezi huu, nikaharakisha kuitizama moja usiku kucha, tarehe 1 nikaikuta bado ipo! Wanatuchezea? Na kuna rafiki ananishauri nitie VPN, ile programu ya kuificha nchi uliyopo. – Kijana wa Bamburi

Marahaba. Umejichosha bure, yakhe. Orodha uliyoisoma ilikuwa ya Marekani. Karibu zote zinazozagaa ni za huko, maana waandishi wake wako huko. Filamu inaweza kuondoka New York na ikabaki Bamburi miaka mitatu mingine, au kinyume chake. Friends yenyewe, wakati Wamarekani wanailia, nchi nyingi za nje ziliendelea kuitizama pale pale.

Sababu ni kwamba filamu haiuzwi dunia nzima mara moja. Inakatwa vipande kama papa pale sokoni: Kanada kipande chake, Uingereza chake, na sisi wa kusini mwa Sahara mara nyingi tunauzwa fungu moja. Aliyewahi kununua fungu letu, awe kituo cha televisheni au nani, ndiye mwenyewe mpaka muda wake wishe. Netflix ilipoingia Kenya, Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 130, kulikuwa na nchi ambazo hata House of Cards, tamthilia yao ya kujisifia, hawakuweza kuionyesha. Walikuwa wameiachia iuzwe kwa vituo vya huko kabla wao hawajafikiria kufika.

Inaudhi zaidi ukiwa Mombasa. Waya wa intaneti wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, umetokea baharini hapa hapa kwetu 2009, intaneti ya nchi nzima inapita chini ya miguu yetu, na bado unaambiwa hiki si cha eneo lako.

VPN sikushauri. Ni kuvunja masharti uliyoyakubali, na tangu 2016 wanazitafuta na kuzifunga. Utalipia VPN, utalipia huduma, utalipia bando, kisha utizame duara linazunguka.

Salaam aleikum. Mimi ni baharia, nyumbani Likoni. Kabla ya kupanda meli nilipakua filamu kumi na nane kwenye tableti, wiki ya tatu tuko katikati ya Bahari Hindi nikakuta tano tu zinafunguka. Nyingine zimeandikwa muda umekwisha. Nilizipakua, ziko ndani ya chombo changu, vipi ziishe? – Baharia

Waaleikum salaam. Hapo umenikumbusha mabaharia wangu, wateja bora kuliko wote, walikuwa wanachukua kanda kumi na kunilipa amana ya miezi mitatu.

Zimo ndani ya chombo chako, lakini zimefungwa kufuli na ufunguo uko kwao. Ukipakua unapewa siku maalumu. Nyingine ni wiki, nyingine hufika mwezi, na zipo ambazo ukishabonyeza kuanza tu una saa 48. Filamu ikiondoka kwenye orodha yao, nakala yako nayo inakufa, hata kama haukuigusa. Na ukivuka kwenda nchi nyingine, zipo zinazokataa kwa sababu haki za huko si zao. Yaani wewe umekusanya balaa zote tatu katika safari moja.

Siku moja kabla ya kupanda, fungua sehemu ya vilivyopakuliwa uone kila moja imebakiwa na siku ngapi, kisha zile zenye siku chache zifute uzipakue upya. Anza na zinazokufa mapema. Mkifunga gati yenye mtandao, ingia ufanye tena. Kwa safari ya miezi, nunua DVD. Nacheka ninapoandika haya, lakini diski haimuulizi mtu ruhusa.

Ndugu yangu Mzee wa Kanda. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na maneno yananikera. Huduma inaandika juu ya tamthilia kwamba ni yao, kazi yao asili. Baada ya muda naitafuta, imeondoka. Kitu chako mwenyewe kinakuondokaje? – Mwalimu mstaafu, Tudor

Mwalimu, umenishika pabaya, maana na mimi lilinichukua muda kulielewa.

Hilo neno la "yetu" lina maana zaidi ya moja. Kuna waliyoitengeneza na kuimiliki. Kuna waliyoitolea pesa lakini mwenye mali ni kampuni nyingine. Na kuna iliyotengenezwa na kituo cha nchi fulani, wao wamenunua tu haki ya kuwa peke yao kwingineko. Zote tatu zinapigwa muhuri ule ule. Tamthilia ya Daredevil na wenzake walioonyeshwa Netflix walikuwa na muhuri huo, lakini wahusika ni wa Marvel na Marvel ni ya Disney. Machi 1, 2022 zikaondoka zote, zikaenda Disney+, huduma ya Disney wenyewe.

Lakini la kushangaza ni pale wanapoondoa cha kwao kabisa. Mei 2023 Disney waliondoa kwenye huduma yao wenyewe kazi kadhaa walizozitengeneza, na tamthilia ya Willow ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Vitabuni wakaandika hasara ya dola bilioni 1.5. Ukiitoa kazi unaweza kuihesabu kuwa imepoteza thamani, kodi ikapungua, na yale malipo ya waigizaji na waandishi yanayoendelea kadiri kazi inavyoonyeshwa yanakoma. Mhasibu akafurahi. Waliokesha miaka kuitengeneza hawana hata diski ya kuwaonyesha wajukuu, kwa sababu nyingi za namna hii hazikutolewa kwa diski.

Hilo mimi nalihesabu kosa, mkataba au si mkataba. Dukani kwangu kulikuwa na kanda ambazo hakuna aliyezikodi tangu 1992. Zilikaa rafu ya juu kabisa, karibu na feni, na hazikunigharimu chochote ila vumbi. Mara moja kwa miaka mitatu mtu anaingia anaulizia moja. Uso wake akiipata, mwalimu, ndiyo iliyokuwa faida ya duka.

Zikiondoka hurudi? – Swali la mstari mmoja, kutoka Changamwe

Nyingi hurudi, huko huko au duka jingine. Angalia miezi mitatu, sita, mwaka. Zinazochelewa sana mara nyingi ni za zamani zenye nyimbo nyingi, maana wimbo nao una mwenyewe, na mikataba ya miaka ya themanini haikuota habari za intaneti. Tamthilia ya Moonlighting ya Marekani, iliyokwisha kutengenezwa 1989, ilifika huduma ya Hulu Oktoba 2023 kwa ajili hiyo.

Ila tusiwalilie watizamaji peke yao. Kwa mtengenezaji mdogo wa hapa Kenya, filamu yake kuondoka baada ya miaka miwili yaweza kuwa heri. Imerudi mkononi mwake, anaweza kuiuza tena kwingine. Aliyeuza moja kwa moja, haki zote, milele, ndiye wa kuonewa huruma.

Shikamoo Babu. Mimi nimechoka na haya ya kuondoka ondoka. Kuna jamaa Mwembe Tayari, unampa fleshi na shilingi chache kwa kila filamu, anakujazia. Haziondoki. Kuna ubaya gani? – Mimi Nimechoka, Magongo

Marahaba mjukuu wangu. Unajua unamuuliza nani? Kanda zangu za kwanza zilitoka Dubai ndani ya sanduku la baharia, na zilizobaki nilizinakili mwenyewe usiku, deki mbili ubavu kwa ubavu na waya katikati. Nakala ya kwanza ya Amitabh Bachchan unamwona kila nywele. Nakala ya tatu, ni kama yuko nyuma ya neti ya mbu. Kwa hivyo sitapanda mimbari.

Nitakwambia mawili tu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ndiyo iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na chini ya sheria hiyo kuuza nakala bila idhini ya mwenye kazi ni kosa. Jamaa yako anajua, ndiyo maana hana kibao mlangoni. La pili ni la moyoni. Siku moja nilikuwa duka la namna hiyo nasubiri mjukuu ajaziwe fleshi yake (ndiyo, wangu huyu huyu, karani). Kwenye skrini, katikati ya filamu za Marekani na Korea, nikaona filamu ya Kiswahili iliyopigwa hapa Pwani, na kijana mmoja aliyeigiza ndani yake namjua, mama yake anauza viazi karai karibu na kwetu. Shilingi zilihesabiwa mezani mbele yangu. Yule kijana hakuna ya kwake hata moja. Tokea hapo filamu za wenyewe wa hapa nazinunua au naziacha. Za Hollywood, muulize shekhe wako.

Mzee, hili si la mtandao. Nina kanda ya harusi yangu ya 1991. Imeota kitu cheupe. Kijana wa kompyuta anasema niitupe. Mume wangu anasema tuiweke tu kwenye deki tujaribu. – Bi Harusi wa Zamani, Kibokoni

Usiitupe! Na usiitie kwenye deki, nakuomba. Mwambie bwana aiweke chini taratibu.

Hicho cheupe ni ukungu, adui yangu wa miaka kumi na tisa. Kanda inapenda pakavu na sisi tunaishi baharini. Kila masika ilikuwa lazima nipoteze tatu nne. Ukiitia kwenye deki hivyo hivyo, ukungu unaganda kwenye kichwa cha kusomea, picha inakuwa theluji, na kila kanda utakayoitia baada yake inaambukizwa.

Kwanza ikauke. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vingi uwezavyo, wiki mbili. Usiianike juani. Ikikauka, ule ukungu unakuwa kama unga na hautembei. Kisha igeuze chali, utaona skrubu tano. Zifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota, na ukiinua kifuniko inua polepole, maana kuna springi mbili ndogo zitakazoruka chini ya kabati na hutaziona tena. Ndani kuna magurudumu mawili. Ukungu utauona kwenye ubavu wa utepe, miduara myeupe kama ya maji yaliyokaukia kwenye kikombe. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, kitie spiriti kidogo sana, kiwe na unyevu tu. Unashika utepe katikati ya kitambaa, bila kubana, na mwenzako anazungusha gurudumu kwa kidole. Utepe wote lazima upite, karibu mita mia mbili na hamsini kama ni kanda ya saa tatu. Kitambaa kikichafuka badilisha. Ni kazi ya asubuhi nzima na mgongo utauma.

Ikishasafika, ina safari moja tu ya uhakika kwenye deki, na safari hiyo lazima iwe ya kuinakili kwenye kompyuta. Usiseme kwanza tuitizame. Mtaitizama wakati inanakiliwa.

Au fanya hivi. Kibokoni na kwangu si mbali. Ikaushe hizo wiki mbili, kisha njoo nayo Alhamisi baada ya laasiri, peke yake kwenye mfuko wake. Deki ninayo bado, ile ya Panasonic, naisafisha kila Ijumaa kama sufuria ya pilau. Bwana naye aje. Mjukuu wangu hana subira ya kuzungusha gurudumu kwa kidole, na mtu wa kushika tochi anahitajika.